Pointi za trekta kuukuu: Kifaa kidogo kinachoweza kumkosesha mkulima msimu

MVUA za kati ya Oktoba na Desemba ndizo tegemeo kuu la wakulima wa Kwa Vonza, kama ilivyo katika sehemu nyingi za Kitui na Makueni. Mvua za Machi hadi Mei haziaminiki. Hata mahindi ya Katumani, mbegu iliyobuniwa katika kituo cha utafiti cha Katumani, Machakos, miaka ya 1960 kwa ajili ya maeneo makavu, huhitaji takriban miezi mitatu shambani, na mara nyingi mvua haingojei muda huo wote. Wiki moja ya kuchelewa kulima yaweza kuwa tofauti kati ya ghala lenye mahindi na shamba lenye mabua matupu.

Ni katika wiki hiyo ambapo trekta kuukuu la petroli, lililoachwa chini ya mti tangu kilimo cha mwaka uliotangulia, hukataa kuwaka. Mwenye trekta huzungusha stata hadi betri ikaisha nguvu. Kisha huanza kukisia: kabureta imeziba, pistoni zimekwisha, injini imekufa. Wapo wanaonunua kabureta mpya bila ya haja, na wapo wanaouza trekta zima kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Ilhali mara nyingi hitilafu imo katika vipande viwili vya chuma ambavyo upana wake hauzidi sana punje ya pojo. Mafundi huviita pointi.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kutambua pointi zilizoharibika, kuzisafisha, kupima mwanya wake na kuzibadilisha.

Trekta lipi lina pointi?

Kabla ya kushika bisibisi, mkulima athibitishe kwanza kwamba injini yake si ya dizeli. Matrekta mengi yanayolima Ukambani leo ni ya dizeli, na injini ya dizeli haina pointi wala plagi. Mafuta yake huwaka kwa joto la hewa iliyoshindiliwa ndani ya silinda. Fundi anayemtoza mwenye trekta la dizeli pesa za pointi anastahili kuulizwa maswali.

Pointi hupatikana katika matrekta madogo ya zamani yanayotumia petroli, pamoja na yale yaliyoundwa kuwashwa kwa petroli kisha kuendeshwa kwa mafuta yanayokaribiana na mafuta taa. Maarufu zaidi ni Ferguson TE20, trekta dogo la kijivu lililoundwa Coventry, Uingereza, kati ya 1946 na 1956. Zaidi ya matrekta 500,000 ya aina hiyo yalitoka kiwandani. Toleo la dizeli lilianza 1951, kwa hivyo matrekta mawili yanayofanana kama mapacha huenda moja likawa na pointi na jingine lisiwe nazo. Massey Ferguson 35, lililofuata baadaye, nalo lilikuwa na toleo la petroli. Kutoka Marekani kulikuwa na Ford 8N, lililoundwa kati ya 1947 na 1952.

Anayedhani kwamba mashine za pointi ni dhaifu akumbuke kuwa Edmund Hillary na wenzake walifika Ncha ya Kusini ya dunia mnamo Januari 4, 1958 wakiendesha matrekta ya Ferguson ya petroli, katika baridi ambayo hakuna mkulima wa Kwa Vonza atakayeiona.

Kundi la pili ni injini ndogo za silinda moja: za matrekta ya kusukuma kwa mkono, za mashine za kukata nyasi na za pampu za kuvuta maji. Injini za Briggs & Stratton zilikuwa na pointi hadi kampuni hiyo ilipoleta mfumo wa kielektroniki mwaka wa 1982. Honda nayo ilitumia pointi katika injini kama G150 na G200, kabla ya kuleta zile za GX mwaka wa 1983 ambazo hazina pointi.

Zinavyofanya kazi

Petroli ndani ya silinda huwashwa na cheche ya plagi. Ili cheche iruke, zinahitajika volti elfu kadhaa, ilhali betri ya trekta ina volti 6 au 12 pekee. Kazi ya kuukuza umeme huo ni ya koili. Pointi zikiwa zimefungana, umeme hupita katika waya mnene wa koili na kujenga nguvu ya sumaku. Pointi zikiachana ghafla, sumaku hiyo huporomoka, na kuporomoka huko huzalisha umeme mkali katika waya mwembamba wa koili hiyo hiyo. Umeme huo ndio unaokwenda kwenye plagi. Kwa maneno mengine, cheche hutoka wakati pointi zinapofunguka, si zinapofungana. Asiyelijua jambo hili hawezi kuzirekebisha.

Kando ya pointi kuna kikopo kidogo cha bati kiitwacho kondensa. Hupokea umeme ambao ungeruka kati ya pointi zinapoachana. Kondensa ikifa, pointi huungua na cheche ya plagi hudhoofika, hata kama pointi zenyewe zilinunuliwa jana.

Charles Kettering wa Marekani ndiye aliyetengeneza mfumo wa namna hii kwa magari ya Cadillac ya mwaka wa 1912. Injini nyingi ndogo hazina betri. Hutumia magneto, yaani sumaku zilizofungwa kwenye flaiwili zinazopita karibu na koili na kuzalisha umeme papo hapo. Hata hivyo, kazi ya pointi ni ile ile.

Hebu tufikirie kiasi cha kazi hiyo. Trekta la silinda nne linalozunguka mara 2,000 kwa dakika hufungua pointi zake mara 4,000 katika dakika hiyo moja. Kwa siku ya kulima ya saa nane, hesabu inakaribia mara milioni mbili. Si ajabu kwamba huchakaa.

Adui wa Kwa Vonza ni kukaa bure

Jambo ambalo vitabu vya matrekta hulitaja kwa ufupi tu ndilo linalowasumbua zaidi wakulima wa maeneo makavu. Pointi zinazofanya kazi kila siku hujisafisha kiasi fulani kwa kugongana kwake. Trekta la Kwa Vonza hulima wiki chache, kisha likapumzika miezi mingi. Katika muda huo, uso wa pointi hufanya utando mwembamba wa kijivu, aina ya kutu ya metali ya tangsteni inayotumiwa kuziunda. Utando huo hauonekani kwa urahisi, lakini hauruhusu umeme mdogo wa betri kupita. Pointi huonekana nzima, mwanya wake ni sawa, na cheche haipo.

Vumbi jekundu huongeza balaa. Huingia kupitia mfuniko wa distributa uliopasuka au ulioachwa bila ya vibanio vyake, likachanganyika na grisi na kuwa tope linalofanya kazi ya msasa.

Ni lazima pia kutaja tatizo la ujuzi. Kwa Vonza si ngeni kwa elimu ya kilimo. Taasisi ya Kilimo ya Ukambani ilikuwa hapa kabla ya mahali hapo kuwa Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, kilichopata hati yake mwaka wa 2013. Hata hivyo, magari mapya yaliachana na pointi miongo kadhaa iliyopita, na kijana anayejifunza ufundi leo anaweza kufuzu bila ya kuzigusa hata mara moja. Ujuzi huu umebaki kwa mafundi wazee wa jua kali, na ni vyema mwenye trekta ajifunze kwao angali na nafasi.

Dalili

Injini yenye pointi mbovu huwa ngumu kuwaka, hukosa mlio mmoja kila mara, hupiga mishindo kwenye ekzosi, au huzunguka vyema ikiwa haina mzigo na kuishiwa nguvu pindi plau inapozama ardhini. Ikiwa huwaka vizuri asubuhi na kuzimika ikishapata joto, kisha kuwaka tena ikipoa, kisia kondensa au koili kwanza, si pointi.

Ili kuhakikisha, toa plagi, irudishe kwenye waya wake, iguse chuma cha injini na mtu mwingine azungushe injini. Shughuli hii ifanywe mbali na petroli iliyomwagika na mbali na tundu la plagi, kwa kuwa mvuke unaotoka humo hushika moto. Cheche nzuri ni ya samawati na husikika ikilia. Cheche nyembamba ya manjano, au kutokuwepo kwa cheche, kunakuelekeza kwenye pointi, kondensa na koili. Cheche ikiwa nzuri, achana na pointi na utazame mafuta. Petroli iliyochanganywa na mafuta taa imewasumbua Wakenya kwa miaka mingi, hata serikali ikatoza ushuru maalumu kwa mafuta taa mnamo 2018 ili kuukomesha mchezo huo. Petroli ya namna hiyo huchafua plagi na kuleta dalili zinazofanana mno na za pointi.

Katika kuzungusha injini kwa mkono, hakikisha kuwa gia haijaingia. Kwenye TE20, stata yenyewe huwashwa kwa kusukuma mkono wa gia mahali pake maalumu, na hivyo hatari ni ndogo, lakini anayetumia hendeli ya mbele hana kinga hiyo. Kidole gumba kiwekwe upande mmoja na vidole vingine, kisiizunguke hendeli. Injini ikirudisha nyuma, gumba lililozunguka huvunjika.

Kusafisha

Tenganisha waya wa betri. Fungua mfuniko wa distributa, ng'oa rota, na pointi zitaonekana. Zitenganishe kwa bisibisi ndogo uzitazame kwenye mwanga. Uso wa kijivu uliosawazika ni wa kawaida. Uso uliochomeka na kuwa wa samawati unaashiria umeme mwingi kupita kiasi au mafuta yaliyopenya. Ikiwa pointi moja ina shimo na nyingine ina kilima kinacholingana na shimo hilo, metali imehama kutoka upande mmoja hadi mwingine, na kwa kawaida kondensa ndiyo yenye lawama. Kusafisha pointi hizo huku ukiiacha kondensa ni kupoteza wakati.

Utando mwembamba huondolewa kwa tupa ndogo laini inayopitishwa mara mbili au tatu kati ya pointi. Msasa mkali wa kusugulia mbao au vyuma haufai, maana chembe zake hujichimbia kwenye metali na kuzuia umeme. Baada ya tupa, pitisha kipande cha kitambaa kisichotoa nyuzi kilichochovywa kwenye spiriti, kisha karatasi ngumu iliyo safi, kama kadi, hadi itoke bila ya alama nyeusi. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayorukwa na wengi, na ndiyo inayofanya trekta likatae kuwaka hata baada ya pointi mpya kufungwa, kwa sababu pointi mpya nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimepakwa mafuta ya kuzuia kutu. Vidole vyenye grisi navyo visiziguse.

Kupima mwanya

Zungusha injini polepole hadi kiguu cha faiba cha pointi kikae juu kabisa ya pembe ya kamu, mahali ambapo pointi zimefunguka kikamilifu. Legeza skrubu inayofunga bamba la pointi, ingiza fila, yaani kibapa chembamba cha chuma chenye unene uliopimwa, na usogeze bamba hadi fila ipite kwa kukwaruza kidogo tu. Kaza skrubu. Kisha pima tena, kwa kuwa kukaza kwenyewe mara nyingi huusogeza mwanya.

Mwanya unaofaa hutegemea injini. Ford 8N yenye distributa mbele ya injini hutaka inchi 0.015, yaani takriban milimita 0.38, ilhali ile yenye distributa ubavuni hutaka inchi 0.025, takriban milimita 0.64. Briggs & Stratton za silinda moja hutaka inchi 0.020, takriban nusu milimita. Kwa Ferguson, fuata kitabu cha trekta lenyewe na namba iliyo kwenye distributa, kwa vile matoleo yake hayalingani. Pointi kuukuu zenye shimo na kilima hazipimiki kwa fila, kwani kibapa hukaa juu ya kilima na kukudanganya. Hizo dawa yake ni kubadilishwa.

Kwa nini tofauti ya unywele iwe na maana? Mwanya ukiwa mdogo, pointi huchelewa kufunguka, cheche huchelewa, na trekta hukosa nguvu na kupata joto. Mwanya ukizidi, pointi hufunguka mapema, cheche huwahi, na ndipo hendeli hurudi nyuma kwa kishindo. Isitoshe, pointi zenye mwanya mkubwa hufungana kwa muda mfupi mno, koili isipate wakati wa kujaa. Kiguu cha faiba nacho huisha kadiri kinavyosuguana na kamu, na mwanya hupungua wenyewe. Paka grisi nzito kwenye kamu, kiasi cha punje moja ya mtama. Ikizidi hapo itaruka hadi kwenye pointi.

Kila mwanya unapobadilishwa, taimingi nayo hubadilika na sharti ikaguliwe. Kwa mfumo wa betri, tumia balbu ndogo ya volti sawa na betri: waya mmoja kwenye waya unaotoka koili kwenda kwenye pointi, mwingine kwenye chuma cha trekta. Rudisha waya wa betri, fungua swichi na uzungushe injini taratibu kwa mkono, plagi zikiwa zimetolewa. Balbu itawaka pindi pointi zinapofunguka, na alama ya taimingi ya injini inapaswa kuwa mahali pake wakati huo huo. Usisahau pia mpangilio wa waya za plagi: injini ya Standard iliyo kwenye TE20 huwaka kwa mfuatano wa 1, 3, 4, 2, lakini ya Ford 8N ni 1, 2, 4, 3. Trekta nyingi zilizohukumiwa kuwa zimekufa baada ya "sevisi" zilibadilishiwa waya hizi tu.

Injini ndogo za magneto

Hapa pointi hujificha chini ya flaiwili. Nati yake hufunguliwa, kisha flaiwili huvutwa kwa kifaa chake. Anayeigonga kwa nyundo huvunja mapezi au kudhoofisha sumaku. Flaiwili ikitoka, tazama kwanza kijiti kidogo cha metali laini kinachoishikiza kwenye shafti. Kikiwa kimekatika hata nusu, taimingi imepotea na injini haitawaka, hata kama pointi ni mpya. Kijiti hicho kiliundwa kuwa laini makusudi. Anayekibadilisha kwa chuma kigumu siku moja atavunja shafti.

Katika Briggs & Stratton nyingi, pointi moja imeshikana na kondensa, na mwanya hupimwa kwa kuisogeza kondensa yenyewe. Pointi ya pili husukumwa na kijiti kinachotoka ndani ya injini. Tundu la kijiti hicho likipanuka, oili hupenya na kulowesha pointi kila baada ya siku chache. Kusafisha peke yake hakutatosha hapo. Tundu lenyewe linahitaji kurekebishwa. Wakati wa kurudisha koili iliyo nje ya flaiwili, weka kadi ya kawaida ya biashara kati yake na sumaku, kaza skrubu, kisha uivute kadi. Unene wake unakaribia inchi 0.010 inayotakiwa.

Kununua na kubadilisha

Pointi na kondensa zinunuliwe pamoja. Nenda dukani na kifaa cha zamani mkononi, iwe ni mjini Kitui, Machakos au Kirinyaga Road jijini Nairobi, na uvilinganishe: urefu wa mkono, tundu la skrubu, upande wa springi. Lucas ya Uingereza ilitengeneza distributa za matrekta na za magari katika enzi moja, kwa hivyo muuzaji wa vipuri vya Land Rover za zamani anaweza kuwa na kile ambacho muuzaji wa matrekta hana. Pointi bandia hujulikana kwa springi legevu na kwa nyuso mbili zisizokutana sawasawa. Kondensa mpya mbovu pia zipo tele. Ikiwa ya zamani haikuwa na kosa, ihifadhi.

Matrekta mengi ya zamani yalitoka kiwandani na betri ya volti 6, na baadhi yamegeuzwa kuwa ya volti 12. Ugeuzaji huo ukifanywa bila ya koili ya volti 12 au kipunguza umeme, pointi huungua upesi, na mwenyewe hubaki akilaani ubora wa vipuri. Aidha, matrekta kadhaa ya zamani, Ford 8N likiwemo, yaliunganisha upande wa chanya wa betri na chuma cha trekta, kinyume na magari ya leo.

Je, ni heri kuachana na pointi kabisa? Vipo vifaa vya kielektroniki vinavyoingia ndani ya distributa ya zamani, na vingine vya injini ndogo. Havihitaji kupimwa mwanya na haviathiriki sana na kukaa bure. Hata hivyo, vinahitaji volti sahihi na upande sahihi wa betri, na vikifa havitengenezeki kwa tupa. Kwa mkulima aliye mbali na duka, maoni yetu ni kwamba kifaa hicho kinafaa tu ikiwa pointi na kondensa nzima zitabaki kwenye sanduku la trekta, pamoja na fila na bisibisi ya kuzirudishia.

Kulima kukiisha, liegeshe trekta mahali pasiponyeshewa, funga koki ya petroli na uache injini imalize mafuta yaliyo kwenye kabureta. Zima swichi baada ya injini kunyamaza, maana ikiachwa wazi huku pointi zimefungana, betri huisha na koili huungua. Funika distributa kwa kipande cha mpira wa tyubu dhidi ya vumbi, na kila mwezi uiwashe injini hadi ipate joto lake kamili. Ukaguzi wa pointi ufanywe Septemba, wakati maduka bado yana vipuri na fundi bado ana nafasi.